Msimu wa Elki katika Nyumba ya Al Warqa

Mnyama mwenyewe sijawahi kumwona, lakini mlio wake niliishi nao nyumba moja. Ilikuwa Al Warqa, Dubai, katika villa nilikokuwa nikipika na kutunza nyumba kwa mume na mke Wamarekani ambao watoto wao walikuwa wameshakua na kwenda zao. Mlio huo huanza chini kama mtu anayeguna usingizini, halafu unapanda na kupanda mpaka unakuwa kilio chembamba kinachopenya ukuta. Kisha unakatika ghafla, na nyuma yake inafuata miguno mifupi mifupi, kama ya mtu aliyefika juu ya kilima akiwa hana pumzi. Siku ya kwanza kuusikia nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Niliuacha kwenye sinki nikapanda ngazi mbio, nikidhani kuna mtu ameanguka bafuni.

Nilimkuta sir amesimama katikati ya chumba cha wageni, macho ameyafumba, mdomoni ameweka bomba la plastiki lililopanuka mwishoni kama tarumbeta.

"Nimekutisha?" akauliza, akitema kiganjani kipande cha mpira kinachotoa ule mlio. "Pole. Huyu ni elki dume. Anaita."

"Anasikika kama mgonjwa," nikasema.

Alicheka, na mimi nikashangaa, maana sir hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mhandisi, ofisi yake iko Jumeirah Lake Towers, mpole, mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe, na katika miaka niliyokaa kwake alikuwa akizungumza nami mambo ya chakula na funguo tu. Tangu siku hiyo akaanza kunieleza habari za elki, kidogo kidogo, kila nilipompelekea kahawa. Ni jamaa ya kulungu, akasema, lakini ana ukubwa wa ng'ombe dume, na pembe zake zinatawanyika kama matawi ya mti uliokauka. Anaishi milimani kwao, magharibi ya Marekani. Majani yanapoanza kupukutika, madume huita alfajiri, na mtu anayejua kuitikia anaweza kumvuta dume mpaka karibu, kiasi cha kumlenga kwa upinde. Lakini huwezi kwenda hivi hivi. Unaomba kibali, majina yanachaguliwa kwa bahati nasibu, na ukikosa unangoja mwaka mwingine. Yeye alikuwa ameomba na kukosa. Mwaka huo akapata.

Nakumbuka alivyorudi siku jibu lilipofika. Ilikuwa adhuhuri, kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni. Madam alikuwa mezani anakula saladi.

"Nimepata," sir akasema. "Eneo lilelile."

Madam aliweka uma chini, akafungua mlango wa bustani, akatoka nje kwenye lile jua la Dubai bila kofia wala viatu. Sir hakumfuata. Mimi nikabaki nimeshika jagi la maji, sijui nimmiminie nani.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika. Meza ya kulia chakula ikafunikwa kwa ramani, tukawa tunakula jikoni. Mchele wangu wa basmati ulihamia kwenye mkoba wa mgongoni. Sir aliubeba ofisini na kupanda nao ngazi za ghorofa lao jioni, kwa sababu Dubai hakuna mlima wa kujizoeza na nje hakufai kwa joto. Alikuwa na kichupa chenye unga mweupe. Alikibinya hewani na kutazama unga unakokwenda, ajue upepo unatoka wapi, maana elki akipata harufu yako umekwisha. Ndani ya villa upepo ulikuwa wa AC tu. Unga ulikuwa ukizunguka sebuleni polepole na kutua juu ya makochi yangu, na mimi nilifuta bila kusema.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kiarabu, mzee, ambaye madirisha yake yalitazamana na chumba kile cha wageni. Alimtuma msichana wake wa kazi, Mtanzania wa Tanga.

"Dada, shikamoo," msichana akaniambia getini. "Bibi anauliza, mmefuga nini humo ndani?"

"Mwambie hatujafuga kitu. Ni sir anapiga bomba."

Alienda, akarudi na kijungu kidogo cha udi unaofuka. "Bibi anasema, choma huu kila chumba. Anasema kitu kinachoitwa hivyo, siku moja kitaitika."

Niliupokea. Nilichoma, na sikumweleza mtu kwa nini nyumba ilikuwa inanukia.

Asubuhi moja sir aliniita nimsaidie kushika kona ya ramani iliyokuwa ikijikunja. Nikamuuliza rangi zile zina maana gani.

"Nyeupe ni mashamba ya watu binafsi, huruhusiwi kukanyaga," akasema. "Hii kijani yote ni ardhi ya umma."

"Ya serikali?"

"Ya watu. Yangu, ya mke wangu, ya kijana anayeuza petroli kule mjini. Ukiwa na kibali unaingia unakotaka, unalala unakotaka."

"Hakuna ua?"

"Hakuna ua."

Nilirudi jikoni nikasimama mbele ya jiko bila kuliwasha. Mimi ni mtu wa Taita, Kenya. Kwetu kulikuwa na ua wa nyaya, ng'ambo yake mbuga ya wanyama, na ng'ambo hiyohiyo ndiko babu zangu walikokuwa wakiwinda kabla ya ua. Baba alirithi upinde. Uwindaji ulipopigwa marufuku aliuweka darini, akalima mahindi. Kisha ukaja mwaka wa njaa, mahindi yakakauka yangali mafupi kama nyasi, na asubuhi moja baba akaushusha upinde. Nilikuwa msichana mdogo lakini namkumbuka akikaza ugwe mlangoni, kiwiko chake cha kulia kimeinuliwa juu kidogo kuliko bega. Aliniambia nimwangalie mama. Hakurudi. Wengine walisema alipigwa risasi na kuzikwa kimya kimya huko porini. Wengine walisema simba, na wengine kwamba alivuka akaingia Tanzania na kuoa mke mwingine. Hakupatikana hata kiatu. Mama hakuvaa nguo za msiba, na kwetu hapakuwa na matanga.

Sir alikuwa na utepe mnene wa mpira wa kujizoezea kuvuta upinde. Alisimama nao kwenye varanda ya ndani, akavuta, akashikilia. Nilipita na kapu la nguo nikaona kiwiko chake. Kilikuwa juu kidogo kuliko bega. Niliweka kapu chini nikakaa juu ya nguo chafu mpaka alipouachia ule utepe.

Halafu ikaja ile alasiri. Madam alikuwa shuleni anakofundisha. Sir alikuwa mezani na ramani, mimi napiga pasi chumba cha nyuma, nikamsikia anazungumza.

"Wewe pita juu ya mgongo wa mlima," alikuwa akisema. "Mimi nitabaki bondeni. Nikiita, usishuke. Ngoja ajibu kwanza." Akanyamaza kama anayesikiliza. "Hapana. Mwaka ule ulishuka mapema." Akanyamaza tena. "Najua. Najua, ndugu yangu."

Nilidhani yuko kwenye simu. Nikaenda jikoni kuweka maji kwenye pasi, na simu yake ilikuwa pale kaunta, inachaji, kioo chake cheusi.

Niliirudisha pasi bila maji.

Siku zilizofuata nilianza kuona yale niliyokuwa nikiyapita. Vifaa vilikuwa vikiletwa kwa maboksi, na kila kitu kilikuja viwili viwili. Mifuko miwili ya kulalia, vikombe viwili vya bati, taa mbili za kufunga kichwani. Nilivipanga kama nilivyoagizwa, upande wa kushoto wa chumba cha wageni vya kwake, upande wa kulia vile vingine. Nilipofagia chumba hicho nilifagia haraka.

Mwisho aliniletea jora la pamba nyeupe. Aliniomba nimshonee mifuko mirefu ya nyama. Elki akianguka mbali na barabara, alieleza, hupasuliwa palepale, nyama ikatiwa kwenye mifuko ya kitambaa ili ipumue, ikabebwa mgongoni kwa safari kadhaa. Nilitoa cherehani nikatandaza kitambaa sakafuni sebuleni nipime. Madam akaingia kutoka kazini, mkoba begani. Alitazama kile kitambaa cheupe, kirefu kama mtu aliyelala. Aliteleza ukutani mpaka akakaa chini.

"Nani amekuambia ushone hivyo?" akauliza.

"Sir, madam. Ni ya nyama."

Alijifunika uso. Nilimletea maji, nikakaa naye sakafuni, na hapo ndipo aliponieleza. Sir alikuwa na mdogo wake wa kiume, wa mwisho kwao. Walikuwa wakiwinda pamoja tangu ujana. Sir alipohamia Dubai, mdogo wake aliendelea peke yake, na msimu mmoja hakushuka mlimani. Walikuta hema lake limefungwa vizuri na kahawa iliyoganda ndani ya kikombe. Mbwa walitafuta, helikopta zikatafuta, kisha theluji ikaanguka ikafunika kila kitu, na hata ilipoyeyuka hakuonekana.

"Haendi kuwinda," madam akasema. "Anaenda huko akae. Naogopa hatashuka. Wewe anakusikiliza. Mwambie."

"Madam, mimi ni mpishi."

"Anakusikiliza," akarudia.

Kesho yake nilimpelekea sir kahawa nikasimama, sikuondoka.

"Sir, unaenda kuwinda au kutafuta?"

Hakukasirika. Alikizungusha kikombe. "Mke wangu amekueleza."

"Ndiyo. Na vitu ni viwili viwili."

"Nikipanga kwa ajili ya mtu mmoja," akasema taratibu, "itakuwa nimekubali. Unaelewa?"

Nikamwambia naelewa. Nikamweleza habari za baba, kwa Kiingereza changu cha jikoni, mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu yeyote Dubai, hata binamu yangu wa Al Qusais. Nilimweleza ua, mwaka wa njaa, kile kiwiko. Alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa.

"Mlimzika?" akauliza.

"Hatukupata cha kuzika."

"Na mama yako alifanya nini?"

"Alilima. Akatulea. Mpaka leo akiwa shambani huzungumza peke yake, nasi tunajifanya hatusikii."

Akaitikia kwa kichwa, na nikaona ameelewa jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalielewa nilipolisema.

"Sikuzuii, sir," nikasema. "Naomba tu ushuke. Madam anakungoja hapa. Mama yangu amengoja, nimemwona. Si kitu cha kumfanyia mtu."

Alikunywa kahawa baridi yote kisha akanirudishia kikombe. "Inshallah," akasema, kama tunavyosema sote huko, na sikujua kama ni ahadi au njia ya kukwepa.

Akaondoka na mizigo ya watu wawili.

Nyumba ilibaki na sisi wanawake wawili. Kule alikokuwa simu hazikushika, kwa hiyo tulikuwa hatusikii lolote. Madam alikwenda shuleni, akarudi, akakaa. Nilipika vyakula vya kwetu kwa sababu hakuwa akichagua tena. Alikula ugali na maharage akitazama ukuta.

Basi adhuhuri moja, jua linawaka, mafundi wa barabara wanagonga nyundo mtaa wa pili, nilikuwa nakunja mashuka nikausikia ule mlio. Ulianza chini. Ukapanda, ukawa mwembamba, ukakatika. Kisha miguno. Na baada ya miguno nikasikia kitu ambacho sir hakuwa nacho alipokuwa akiita: kikohozi kikavu.

Nilitoka kwenye ukumbi wa juu. Madam naye ametoka chumbani kwake, mkono kifuani. Tulitazamana.  Tulikwenda pamoja mpaka chumba cha wageni, nikafungua mlango. Kitanda, pazia, vumbi jeupe la unga kwenye zulia nililolisafisha mwenyewe. Bomba sir alikuwa ameondoka nalo.

"Kule mlimani saa hizi ni usiku," madam akasema kwa sauti ya chini. "Watu wamelala."

Kengele ya getini ikalia, sote tukaruka. Alikuwa yule msichana wa Tanga.

"Dada, bibi anauliza kama baba mwenye nyumba amerudi. Amesikia mnyama wenu."

 Nikamwambia amsalimie bibi, nikafunga geti, nikaegemea chuma chake cha moto mpaka mgongo ukaniungua.

Simu ya sir iliingia siku chache baadaye, madam akiwa anavaa kwenda kazini. Alikuwa ameshuka. Yuko katika mji mdogo chini ya mlima, mguu umefungwa bandeji, mzima. Madam alinikumbatia na kiatu kimoja mguuni.

Aliporudi alikuwa amekonda na amechubuka uso. Tulikaa jikoni sote watatu, naye akatueleza mara moja tu. Sikumsikia akirudia tena. Alipiga hema pale pale palipokuwa na hema la mdogo wake. Akatandika mifuko yote miwili. Alfajiri aliita na hakuna kilichojibu. Alfajiri nyingine, hakuna. Halafu asubuhi moja kitu kikajibu kutoka juu, na baada ya miguno akasikia kikohozi.

Madam alinishika mkono chini ya meza.

"Mdogo wangu alikuwa mvutaji," sir akasema. "Kila alipoita lazima akohoe. Tulikuwa tunamcheka, tunamwambia hakuna elki anayekohoa. Nikafuata. Nilifuata asubuhi nzima. Naita, kinajibu, kinasogea. Nikatokea mahali penye mawe, na elki dume alikuwa amesimama hapo, ananitazama, karibu kama friji ile."

"Ukafanya nini?" nikauliza.

"Nilivuta upinde nikashikilia. Kisha nikaachia. Elki alikwenda hatua chache akaanguka."

Sir alimpasua peke yake, akatia nyama kwenye mifuko niliyoishona, akaanza kuishusha. Katika safari ya mwisho, mteremko wa mawe ulimponyoka chini ya mguu. Alianguka na mzigo ukamlalia, uso kwenye changarawe, mguu umepinda. Alikaa hapo muda ambao hakuweza kuusema.

"Miaka yote nilifikiri lilimpata jambo kubwa," akasema. "Dubu. Mtu mbaya. Kumbe yaweza kuwa jiwe moja tu. Nilikuwa nimelala pale nikaona ilivyo rahisi. Hata sikuogopa. Nilitaka kulala." Akamtazama mkewe. "Halafu mzigo ukawa mwepesi. Kama mtu ameushika kwa nyuma, kama tulivyokuwa tukisaidiana kuinuka. Nikainuka. Sikugeuka."

"Kwa nini hukugeuka?" madam akauliza.

"Nilikuwa nimeambiwa nishuke."

Hatukumwambia tulichosikia adhuhuri ile. Sijui kama madam alimwambia baadaye, wakiwa wawili. Kwa upande wangu ilinitosha kwamba alirudi na mfuko mmoja wa kulalia. Ule mwingine aliuacha umetandikwa kule mlimani, na miezi michache mbele wakafunga virago wakarejea kwao, nami nikapata kazi villa nyingine mtaa huohuo.

Kabla ya kuanza kazi hiyo nilienda Al Qusais kwa binamu yangu, nikampigia mama simu. Nilimuuliza alichokuwa hajaulizwa na yeyote kati yetu.

"Mama, unaonaje tukifanya matanga ya baba? Hata bila mwili. Tuombe, tule, tumalize."

Nikasikia kuku wake upande wa pili wa simu.

"Mkimzika," akasema, "mimi nitazungumza na nani?"

 Nilipopata likizo nikaenda nyumbani, na asubuhi ya pili akaniamsha, akavaa kitenge kizuri, akasema twende. Tulitembea kupita mashamba ya watu mpaka kwenye ua wa mbuga, mahali ambapo nyaya zimepinda na nyasi ni ndefu. Sikujua kwamba alikuwa akipajua. Alisimama, akashika nguzo, akaanza kumpa baba habari, kwa Kitaita, bila kunong'ona: nani ameolewa, nani amefariki, mbuzi aliyezaa mapacha, paa la nyumba limebadilishwa, goti linamsumbua. Aliongea kama mtu anayezungumza na jirani aliye ng'ambo ya uwanja. Hakungoja jibu. Alipomaliza alijifuta midomo kwa ncha ya kitenge akanigeukia.

"Haya, mwanangu. Na wewe mwambie ulikokuwa."

Nikashika waya. Ng'ambo kulikuwa na vichaka tu na ardhi nyekundu. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianza na joto la Dubai.